Icom IC-R75: Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya kununua redio ya mezani ya masafa mafupi

Majibu haya ni ya msikilizaji aliyechoka na redio ya mkononi. Ameshanasa stesheni za mbali, ameshaona mipaka ya antena ya kuvuta, na sasa anatafuta kifaa cha kukaa mezani. Mfano niliochagua ni IC-R75 ya Icom, kwa sababu ndiyo inayoulizwa sana kwenye soko la mitumba na kwa sababu ina ubora na kasoro za wazi. Njia za kuipima zinafaa kwa redio nyingine yoyote ya aina hiyo.

Redio ya mezani ina nini ambacho redio yangu ya mkononi haina?

Tofauti kubwa inaonekana pale unapoichomekea antena ndefu. Redio nyingi za mkononi zimetengenezwa kwa antena yake fupi. Ukiunganisha waya wa mita 20 zinalemewa, na stesheni moja yenye nguvu inazagaa kila mahali. Redio ya mezani imejengwa ikijua kwamba antena kubwa inakuja.

Jambo la pili ni mizimu. Redio rahisi inayobadilisha mawimbi mara moja tu kwenda 455 kHz hukuonyesha stesheni ileile mara mbili, mara ya pili ikiwa 910 kHz pembeni ya mahali pake halisi. Stesheni iliyopo 11735 kHz inaweza kukudanganya kwamba ipo 10825 kHz. IC-R75 inabadilisha mara tatu: kwanza inapandisha hadi takriban 69 MHz, kisha inashusha hadi 9 MHz, halafu 455 kHz. Kwa kupandisha juu namna hiyo, mzimu unaangukia mbali kabisa nje ya bendi unayosikiliza, na filta za mbele zinauondoa bila taabu.

Kuna pia nobu kubwa inayosogea kwa hatua ya hadi 1 Hz, nafasi 99 za kuhifadhi stesheni, na masafa yasiyo na pengo kuanzia 30 kHz hadi 60 MHz.

Kwa nini IC-R75 na si nyingine?

Ilianza kuuzwa mwaka 1999, wakati kampuni nyingi zilikuwa zinafunga mlango wa redio za aina hii, na bei yake ilikuwa chini sana ya zile za kifahari. Ndiyo maana zipo nyingi mitaani hadi leo ingawa haitengenezwi tena. Drake R8B ya Marekani ina sauti tamu zaidi. AOR AR7030, iliyobuniwa Uingereza, inavumilia mawimbi makali kuliko karibu kila kitu cha zama zake, ila vitufe vichache na menyu zake zinahitaji subira. NRD-545 ya JRC ni mashine ya heshima, na bei yake ni ya heshima pia. Ukipata mojawapo ya hizo katika hali nzuri kwa pesa unayoimudu, usiikatae kwa sababu ya ukurasa huu.

Niambie kwa neno moja: ni nzuri au si nzuri?

Neno moja halitoshi, maana jibu linategemea unasikiliza nini.

Kama unafuatilia wanaredio wa ridhaa, ndege, meli, mosi (Morse, yaani alama za vitone na vistari) na ishara hafifu zinazojificha ndani ya kelele, IC-R75 ni nzuri sana. Kwenye SSB, yaani mawasiliano ya upande mmoja wa wimbi, inatulia, inasikia vizuri, na filta zake zinakata pale unapotaka.

Kama unataka kukaa saa nzima ukisikiliza taarifa ya habari na muziki kwenye AM, utapata mashaka. Sauti yake ya AM ni nzito, kama imefunikwa blanketi, na wimbi linapofifia inakwaruza. Spika ya nje inasaidia kiasi. Wapo mafundi wa Marekani waliouza huduma ya kurekebisha sehemu ya sauti ya redio hii, na hilo lenyewe ni ushahidi.

Wanunuzi wengi wa Afrika Mashariki ninaowafahamu walianza masafa mafupi kwa ajili ya matangazo: idhaa za Kiswahili, taarifa za asubuhi, kandanda. Kwa msikilizaji huyo ningesema asikilize AM ya redio hii kwanza, hata kwa rekodi tu, kabla ya kutoa pesa. Kwa anayewinda ishara za mbali, anunue.

Kuna kitufe cha S-AM. Si ndicho kinachoondoa kufifia?

Ndivyo kilivyokusudiwa. Katika AM, wimbi la kubebea linapodhoofika kuliko sauti iliyo pembeni yake, sauti inaharibika ile unayoijua: inakoroma, inapasuka, halafu inarudi. Kipokezi cha S-AM kinatengeneza wimbi lake chenyewe na kulifunga sambamba na la stesheni, ili lile la stesheni likipotea sauti isiharibike. Kwenye Drake R8B kazi hiyo inafanyika vizuri. Kwenye IC-R75 kufuli halishiki vizuri, linaachia pale hasa unapolihitaji. Usilipie hata shilingi kwa sababu ya kitufe hicho.

Njia mbadala ipo, na kwenye redio hii inafanya kazi vizuri kuliko S-AM yake. Weka SSB, kisha itege stesheni ya AM kwa uangalifu hadi mluzi ushuke na kutoweka. Kwa kuwa nobu inasogea hertzi moja moja na redio haiyumbi, muziki hautasikika kama umepinda. Chagua upande usio na msongamano: kama jirani mkali yupo juu, sikiliza upande wa chini, na kinyume chake. Ni kazi ya mkono, haifai kwa mtu anayepika huku anasikiliza, lakini stesheni iliyokuwa haieleweki mara nyingi inasomeka.

Nobu mbili za PBT zina kazi gani?

Hizi ndizo zinazoifanya redio ipendwe. Filta ni dirisha. Nobu ya ndani na ya nje zinasogeza kingo zake, kila moja upande wake. Tuseme unasikiliza 9410 kHz na 9415 kHz kuna mtu anapiga kelele. Unasogeza ukingo wa juu kuelekea ndani mpaka kelele inakatika, bila kuugusa ukingo wa chini. Ukisogeza zote mbili kuelekea ndani, dirisha linakuwa jembamba kuliko filta yenyewe. Anayeuza asiyejua kutumia PBT mara nyingi atakuambia redio “ina sauti ya pua”. Tazama kwanza kama nobu hizo zimeachwa pembeni.

Je, ninunue na filta za ziada?

Redio inakuja na upana wa kawaida wa 6 kHz kwa AM na 2.4 kHz kwa SSB. Kuna nafasi mbili za kuongeza filta, moja kwenye hatua ya 9 MHz na nyingine kwenye 455 kHz. Kwa mosi, filta ya 500 Hz inabadilisha maisha. Kwa AM, wengi hutafuta kitu cha kati ya 3 na 4 kHz, kwa sababu 6 inaingiza majirani na 2.4 inaziba sauti. Tatizo ni kwamba filta za asili sasa zinauzwa mitumba kwa bei inayokaribia kuchekesha. Ukikuta redio iliyo nazo tayari, hiyo ni sababu halali ya kulipa zaidi.

UT-106 ni jambo jingine. Ni kibao kidogo cha ndani kinachosafisha sauti kwa njia ya kidijitali, na baadhi ya IC-R75 ziliuzwa nacho tayari. Kupunguza kelele kwake ni kwa wastani, na ukikizidisha sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Lakini uwezo wake wa kuua mluzi wenyewe, bila wewe kugusa kitu, unafaa kila siku.

Muuzaji ametaja maikrovolti 0.16. Hiyo ni nzuri?

Ni nzuri, na haikusaidii sana. Chini ya takriban 20 MHz, kelele inayoingia kupitia antena, ya angani, ya radi na ya nyumba za majirani, ni kubwa kuliko kelele ya ndani ya redio yoyote ya heshima. Kuongeza usikivu hapo ni kuongeza kelele. Kipimo chake unaweza kukifanya bila chombo chochote: tega masafa yasiyo na stesheni, zima vikuza mawimbi, chomoa antena, sikiliza. Chomeka tena. Kama mshindo wa kelele umepanda waziwazi, redio ina usikivu wa kutosha kwa masafa hayo na kwa antena hiyo. Kama hakuna mabadiliko, ama antena ni dhaifu, ama waya umekatika, ama sehemu ya mbele ya redio imeungua.

Vikuza viwili vya IC-R75 vina faida hasa juu ya 20 MHz, mahali ambapo anga huwa kimya zaidi. Usiku kwenye bendi ya mita 49, viache vimezimwa.

Kipimo ambacho ningekitazama kwenye karatasi ni uvumilivu: redio inafanyaje kazi inapokuwa na ishara hafifu kati ya majitu mawili. Hicho ndicho kinachotenganisha redio za pesa na za maneno, na wauzaji hawakitaji.

Nitajuaje kama redio inalemewa?

Tumia kipunguza nguvu, kitufe cha ATT, ambacho hapa kinapunguza desibeli 20 (dB). Ukikuta ishara ya ajabu, labda stesheni mbili zinazungumza kwa pamoja mahali pasipostahili kuwa na stesheni, bonyeza. Ishara halisi inashuka kwa kiasi hicho hicho cha 20 dB. Ishara iliyozaliwa ndani ya redio kwa sababu ya kulemewa inaporomoka zaidi sana. Ile ya aina inayosumbua mara nyingi inashuka kama 60 dB, yaani inatoweka. Fanya jaribio hili usiku, saa mbili hadi saa tano, wakati bendi za mita 49, 41 na 31 zimejaa. Mchana kila redio ni bingwa.

Anayeishi karibu na mnara wa masafa ya kati anaweza kuhitaji filta ya nje ya kuzuia mawimbi hayo. Hilo si kosa la redio.

Nina nafasi ya kuijaribu kwa saa moja tu kabla ya kulipa. Nifanye nini?

Anza kwa kuitazama. Kioo kiwe na mwanga sawasawa, vitufe viitike kwa mguso wa kwanza, nobu kuu isiruke namba. Tundu la antena lisicheze. Nusa pia, kwani harufu ya kitu kilichoungua hudumu miaka.

Iache iwake dakika 20 ndipo upime usahihi wa masafa. Kwenye 10 MHz kamili zipo stesheni za saa: WWV ya Colorado, Marekani, na BPM ya China. Kwetu jioni na usiku kwa kawaida mojawapo inafika. Weka upande wa juu wa SSB, tega 9999.000 kHz, utasikia mlio wa takriban hertzi 1000. Sasa weka upande wa chini, tega 10001.000. Mlio unapaswa kuwa uleule. Kama ni tofauti, gawa tofauti hiyo kwa mbili, hapo umepata kosa la redio kwa hertzi. Makumi machache ya hertzi yanarekebishika. Mlio unaohama huku unasikiliza haufai.

Kisha nenda 14100 kHz, uweke mosi. Hapa kuna hazina ambayo wengi hawaijui. Mtandao wa vinara 18 (vituo vya kurusha ishara za kupimia) vya wanaredio wa ridhaa duniani unapokezana masafa hayo, kila kimoja sekunde 10, mzunguko ukikamilika kwa dakika 3. Kimojawapo ni 5Z4B cha Kenya. Kila kinara kinataja jina lake kwa mosi, halafu kinatoa vistari vinne virefu vya sekunde moja: cha kwanza kwa wati 100, cha pili wati 10, cha tatu wati 1, cha nne wati 0.1. Hesabu vistari unavyosikia. Redio mbili kwenye antena moja, kwa dakika hizohizo, zitakupa jibu safi kuliko mabishano ya mwezi mzima. Vinara hivyohivyo vinapatikana pia 18110, 21150, 24930 na 28200 kHz, kwa hiyo unaweza kuipima redio bendi kwa bendi. Usishangae kinara kimoja kikiwa kimya. Huharibika na kutengenezwa kama vitu vingine.

Muda ukibaki, sikiliza wanaredio wenyewe, kwa upande wa chini wa SSB chini ya 10 MHz na upande wa juu kuanzia hapo kwenda juu. Majina ya vituo vyao ya Tanzania huanza na 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 9Q na Oman A4. Kwa ishara inayokuja na kukatika ghafla, jaribu 11300 kHz upande wa juu, ambako marubani wanaovuka anga letu huzungumza na vituo kama Nairobi na Addis Ababa. Sauti ya rubani ikianza kwa kishindo halafu ikatulia mara moja, udhibiti wa sauti wa redio unafanya kazi. Ikikata silabi ya kwanza kila mara, badilisha udhibiti huo kutoka polepole kwenda haraka kabla ya kuihukumu redio.

Muda wa stesheni umeandikwa UTC (saa ya kimataifa). Naubadilishaje?

Kwa saa zetu za Kiswahili ni rahisi: toa 3 kwenye saa ya UTC. UTC 0400 ni saa 1 asubuhi. UTC 1800 inakuwa 15, toa 12, ni saa 3 usiku. Hii ni kwa Tanzania, Kenya na Uganda.

Kumbuka pia kwamba ratiba za masafa mafupi hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Karatasi ya mwaka jana itakupotezea jioni nzima.

Kuna nini cha kusikiliza siku hizi? Si stesheni zimefungwa?

Nyingi zimefungwa, ndiyo. BBC ilianza Kiswahili tarehe 27 Juni 1957, Deutsche Welle ikafuata 1963, na kwa miongo kadhaa mtu wa Kigoma au Lamu alipanga jioni yake kwa saa za idhaa hizo. Tangu hapo minara ya BBC ya Shelisheli imezimwa (2014), na Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamazishwa ghafla. Anayenunua redio ya mezani leo kwa ajili ya taarifa ya habari tu atapata habari kwa urahisi zaidi kwenye simu.

Lakini bendi hazijafa. China inatangaza kwa wingi, vituo vya dini vinaendelea, na Zanzibar yenyewe ilijulikana kwa wawindaji wa stesheni duniani kote kwa miaka mingi kutokana na 11735 kHz yake kutoka mtambo wa Dole. Wazungu walikesha kuitafuta ilhali sisi tuliisikia bila hata kunyoosha antena. Hapa ikweta tuna faida nyingine: bendi za kitropiki, mita 90 na mita 60, zilitengwa kwa ajili ya nchi za ukanda wetu. Zimebaki stesheni chache, na zilizobaki zinahitaji redio yenye filta nzuri kwa sababu ya ngurumo za radi. Hapo IC-R75 inalipa gharama yake.

Kwa wanaredio wa ridhaa mambo ni mazuri. Shughuli za jua zilifika kileleni karibu na mwaka 2024, na miaka michache baada ya kilele bendi za juu bado zina uhai.

Nyumbani kuna kelele tupu. Redio mpya itaniondolea?

Haitakuondolea. Hili ndilo swali ninalotamani watu waliulize kabla ya kuuliza bei.

Kelele za mjini zinatoka kwenye chaja za simu, taa za LED za bei rahisi, ving'amuzi, inveta na vidhibiti vya chaji vya sola. Sola ndiyo mgeni mpya: kidhibiti kisicho na kinga nzuri kinatupa mlio wa msumeno kila baada ya makumi ya kilohertzi, mchana kutwa, na waya za paneli juu ya paa zinakuwa antena ya kuirusha. Redio ya mamilioni itausikia msumeno huo kwa uaminifu zaidi kuliko ile ya elfu hamsini.

Jaribu hivi: endesha redio yoyote kwa betri, zima swichi kuu ya umeme ya nyumba, sikiliza. Kelele ikiisha, adui yupo ndani. Washa swichi moja moja mpaka umkamate. Ikibaki, ni ya jirani au ya nguzo, na hapo tiba ni kuihamisha antena mbali na ukuta na kuileta redio kwa kebo yenye ngao. Pete za feraiti kwenye waya za chaja zinasaidia, mradi waya uzungushwe mara kadhaa, si kupita mara moja tu.

Kitufe cha NB cha redio kinaondoa mipigo mifupi kama ya plagi za pikipiki. Kwa msumeno wa sola hakifanyi kitu.

Umeme ukikatika je?

Redio inataka volti 13.8 za DC na inakula karibu ampia moja. Betri ya gari ya AH 50 (ampia-saa 50) itakupitisha usiku mzima bila wasiwasi, na usiku wa kukatika umeme mtaa mzima ndio usiku bora wa kusikiliza. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri.

Nimeona moja inauzwa Marekani kwa bei nzuri. Kuna mtego?

Ipo mitego miwili. Adapta iliyo nayo huenda ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 240 ya kwetu, itakufa kwa kishindo na inaweza kuondoka na redio. Iache hukohuko, upunguze uzito wa mzigo, tumia chanzo kizuri cha 13.8 hapa. Epuka vile vya kubadilisha umeme kwa kasi visivyo na jina, maana ndivyo vinavyoleta kelele. Cha transfoma nzito ni bora.

Mtego wa pili ni ushuru na kibali. Vifaa vya mawasiliano vinasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na kila nchi jirani ina mamlaka yake. Redio hii haina uwezo wa kurusha, na hilo lisemwe wazi kwenye karatasi za mzigo, lakini uliza mamlaka kabla ya kulipa, si baada ya mzigo kukwama bandarini. Na ukishaipata: matangazo ya umma ni ya kila mtu, mazungumzo ya watu binafsi usiyasambaze.

Naishi ghorofani. Antena nitaweka wapi?

Kwa mwenye uwanja, waya wa mita 15 hadi 20 kutoka dirishani hadi kwenye mnazi, ulioinuliwa juu ya bati, unatosha kabisa. Nyuma ya IC-R75 kuna matundu mawili: la om 50 kwa kebo, na pini za takriban om 500 kwa waya mtupu. Wengi huchomeka waya mtupu kwenye tundu la kebo kisha wanalalamika. Afadhali zaidi ni kuweka transfoma ya 9:1 kule waya unapoanzia, ukashusha kebo hadi kwenye redio.

Kwa ghorofani, kitanzi cha waya chenye kikuza, kipenyo karibu mita moja, kinafaa kikiwekwa barazani. Kinazungushwa kuipa kelele mgongo, na jambo hilo waya mrefu hauliwezi.

Si ninunue tu SDR (redio inayoendeshwa kwa programu) ya kuchomeka kwenye kompyuta?

Pengine ndiyo. Airspy HF+ au SDRplay, kwa sehemu ndogo ya bei, inakuonyesha bendi nzima kwenye kioo, inakupa upana wowote wa filta, na S-AM yake inafanya kazi kweli. Kwa msikilizaji wa AM hakuna ushindani.

Kinachobaki kwa redio ya mezani ni kwamba unawasha na kusikiliza. Hakuna kompyuta ya kutia kelele, hakuna programu ya kusasisha, na masikio yanajifunza haraka mkono unapozungusha nobu. Kama huna uhakika uko upande gani, tafuta mtandaoni vipokezi vya KiwiSDR ambavyo watu duniani wameviacha wazi, usikilize kuanzia sifuri hadi 30 MHz bure kwa wiki chache. Utajijua.

IC-R75 inanasa FM za mjini?

Hapana. Inaishia 60 MHz. Kitufe cha FM ni cha mawasiliano ya upana mdogo.

Mzee wangu ameniachia Yaesu FRG-7. Niiuze ninunue IC-R75?

Usiiuze kwanza. FRG-7 ni ya miaka ya 1970, na utaratibu wake wa kutulia kwenye masafa unatokana na uvumbuzi wa Trevor Wadley, mhandisi wa Durban, Afrika Kusini, uleule uliotumika kwenye Racal RA-17 ya Uingereza. Ni redio yenye damu ya Kiafrika, na inaendeshwa hata kwa betri kubwa 8 za tochi. Sauti yake ya AM, kwa sikio langu, inaishinda IC-R75 waziwazi. Inachokosa ni filta nyembamba na namba kamili kwenye kioo. Fundi wa zamani anayejua kubadilisha kapasita zilizokauka ataifufua. Ukiwa na nafasi mezani, ziweke zote mbili: ya mzee kwa matangazo, IC-R75 kwa uwindaji.

Pwani unyevu na chumvi, bara radi. Naitunzaje?

Pwani, adui ni kutu kwenye maungio ya antena. Maungio ya nje yafungwe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, yakaguliwe kila mwaka. Redio isikae dirishani inapopigwa na upepo wa bahari, na iwashwe mara kwa mara, kwani joto lake dogo linakausha unyevu wa ndani.

Kanda ya Ziwa na nyanda za juu, chomoa antena kila unapomaliza, hata anga ikiwa safi, na uiache nje ya dirisha, si sakafuni karibu na redio. Radi haihitaji kupiga waya wako. Ikipiga mti wa jirani, umeme unaozuka kwenye waya unatosha kuunguza sehemu ya mbele. Dalili yake ni redio inayowaka vizuri, namba zote zipo, ila kile kipimo cha kuchomoa na kuchomeka antena hakileti tofauti yoyote.